Hariri, Fedha na Ubani: Fahari ya Kanisa katika Kisiwa cha Mvita

Fahari ya ibada, yaani mkusanyiko wa mavazi ya thamani, vyombo vya fedha na dhahabu, ubani, mishumaa, nyimbo na maandamano ambayo makanisa ya kale yamezoea kuyatumia katika sikukuu zao kubwa, ina historia ndefu katika Kisiwa cha Mombasa (Mvita) kuliko wanavyodhani wengi wanaopita kila siku chini ya kuta za Ngome ya Yesu, na historia hiyo haieleweki vizuri mpaka msomaji aulize, katika kila kipindi, ni nani aliyekuwa akilipa gharama zake. Katika zama za Wareno, zilizotia mizizi kisiwani kwa ujenzi wa ngome mwaka 1593 na kukatika mwaka 1698, mlipaji mkuu hakuwa muumini wa Mombasa. Alikuwa mfalme wa Ureno, ambaye naye alizitoa fedha hizo katika mapato ya dola iliyoishi kwa biashara na ushuru wa bahari. Jambo hili, ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kihasibu tu, linaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini kanisa lililovaa hariri na kuimba chini ya ulinzi wa mizinga kwa miaka mia moja lilitoweka kisiwani siku moja na mizinga yenyewe.

Haifai kudhani kwamba Waswahili wa wakati huo walikuwa wageni wa fahari na kwamba waliishangaa kwa kuwa hawakuwahi kuiona. Mwezi Aprili 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, mwandishi wa shajara ya safari hiyo alieleza kwamba mfalme wa mji alikuja kuonana na wageni akiwa amevaa joho la damasiki lililotiwa pambizo za atlasi ya kijani, ameketi penye viti vya shaba vyenye mito, juu yake pametandazwa mwavuli wa atlasi nyekundu, huku wapigaji wakipuliza pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, kila moja ikiwa na urefu wa kimo cha mtu. Pembe hizo ndizo siwa, ala ya enzi iliyopulizwa wakati wa kutawazwa mfalme na katika harusi za watu wa nasaba, na mifano yake mashuhuri, siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, imehifadhiwa mpaka leo. Mwavuli, siwa, joho na kiti cha enzi vilimwambia mtazamaji wa pwani, bila ya kutamkwa neno, nani ni nani mjini.

Lakini fahari hiyo ilikuwa ya baraza na ya barabarani, wala haikuingia mihrabuni. Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote iliyosalia katika Mji wa Kale na ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1570, ni jengo jeupe la matumbawe na chokaa, lenye mnara mnene usio na nakshi nyingi. Imamu anayeswalisha hana vazi la daraja ambalo bila ya hilo swala haiswihi, na mali ya misikiti ya mji ilitokana na wakfu, yaani shamba, nyumba au kisima ambacho mwenyewe amekifunga kisiuzwe wala kisirithiwe, ili mapato yake yatumike kwa ibada na kwa maskini. Kwa watu waliozoea kuutenga uzuri wa enzi na unyofu wa swala, dini iliyovaa mavazi ya kifalme penye kibla chake yenyewe yaelekea ilisomeka kwanza kama tangazo la utawala, na matukio ya mwanzo hayakuwapa sababu ya kuisoma vinginevyo.

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa amani na wa kutoelewana. Meli za da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa mwezi huohuo wa Aprili 1498, kabla ya kufika Malindi, watu wawili waliotumwa mjini walipelekwa katika nyumba ya wafanyabiashara waliodhaniwa kuwa Wakristo, na humo wakaonyeshwa karatasi yenye mchoro ambao Wareno waliutambua kuwa ni wa Roho Mtakatifu, anayechorwa na Wakristo kwa sura ya njiwa. Wanahistoria wengi wanaona kwamba wenye nyumba walikuwa wafanyabiashara Wahindi na kwamba mchoro ule ulikuwa wa dini yao. Wageni waliona walichotamani kukiona.

Miaka saba baadaye mambo yalikuwa mengine. Mwezi Julai 1505, Francisco de Almeida, aliyekuwa akielekea Bara Hindi kuwa mwakilishi wa mfalme, aliiteka Kilwa, na mtu aliyekuwa katika msafara huo, Hans Mayr, alisimulia jinsi mapadre wa shirika la Wafransisko walivyoshuka pwani wakibeba misalaba miwili kwa maandamano, huku wakiimba Te Deum, ambao ni wimbo wa Kilatini wa kumshukuru Mungu kwa neema kubwa, mpaka wakafika kwenye kasri; msalaba ukasimamishwa, kamanda akasali, kisha askari wakaanza kupora mji. Katikati ya Agosti, katika sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, ambayo Wakatoliki huiadhimisha tarehe 15 mwezi huo, ilikuwa zamu ya Mombasa. Nyumba zilichomwa, na katika ngawira zilizochukuliwa Mayr alitaja wingi wa mavazi ya hariri yaliyotariziwa kwa dhahabu pamoja na mazulia, moja likiwa zuri mno hata likatengwa lipelekewe mfalme wa Ureno. Kwa hiyo, kabla ya padre yeyote kusimama kisiwani amevaa vazi la Misa la zari, hariri za zari zilikwisha kusafiri kutoka Mombasa kuelekea Lisbon, na zilikwenda kwa upanga. Mji uliporwa tena mwaka 1528 na Nuno da Cunha, na mwaka 1589 ukaangamizwa na kikosi cha Tomé de Sousa Coutinho, wakati Wazimba walipokuwa wakiuvamia kutoka bara.

Utaratibu uliolipia kanisa la Wareno uliitwa Padroado, yaani haki na wajibu wa ulezi wa kanisa ambao mapapa walimpa mfalme wa Ureno kwa hati kadhaa za karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Kwa upande wa haki, mfalme ndiye aliyependekeza maaskofu na kuruhusu wamisionari kusafiri katika nchi zote zilizohesabiwa kuwa za Ureno mashariki ya Afrika. Kwa upande wa wajibu, hazina yake ndiyo iliyopaswa kujenga makanisa, kulisha mapadre, na kununua mvinyo, mafuta ya taa, mavazi na vyombo vya altare. Mombasa iliwekwa chini ya Goa, mji mkuu wa Wareno katika Bara Hindi, uliokuwa na askofu tangu mwaka 1534 na baadaye ukawa makao ya askofu mkuu. Padre wa Mombasa alikuwa, kwa maana hii, mtu anayelipwa na dola ileile iliyomlipa askari wa zamu, na ingawa wako mapadre waliomtumikia Mungu kwa moyo safi na kufa kwa ajili ya imani yao, mfumo uliowabeba haukuwaacha huru na hesabu za forodha.

Ngome yenyewe ilipewa jina la kidini. Ilichorwa na mhandisi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikawekwa wakfu mwezi Aprili 1593 kwa jina la Yesu, na maboma yake manne ya pembeni yakapewa majina ya watakatifu: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias, la kwanza likiwa pia heshima kwa Filipo wa Pili wa Hispania, aliyekuwa akitawala Ureno wakati huo. Ndani ya uwanja wake palijengwa kanisa dogo la matumbawe ambalo misingi yake bado inaonekana. Mwaka 1597 wakaja Waaugustino, watawa wa shirika linalofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino wa Hippo, wakajenga nyumba yao nje ya ngome, katika mtaa wa Wareno uliojulikana kwa jina la Gavana, ambao barabara yake kuu inaaminika kuwa ndiyo Ndia Kuu ya leo. Mji ulikuwa pia na kanisa la Misericórdia, udugu wa Wakristo walei ambao kila palipokaa Wareno ulishughulikia wagonjwa, wajane, yatima na mazishi ya maskini. Si haki kuisimulia fahari ya kanisa la Mombasa bila ya kuutaja udugu huu, kwa sababu uliutumia utajiri kwa kazi ambayo hata mpinzani wa Wareno angeiheshimu, japo wengi wa waliohudumiwa nao walikuwa Wareno wenyewe.

Wakati huo Kanisa Katoliki lilikuwa limetoka katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika kwa vipindi kati ya mwaka 1545 na 1563 ili kujibu upinzani wa Waprotestanti. Waprotestanti wengi waliondoa sanamu na kupunguza mavazi, na Wakatoliki wakajibu kwa kuuzidisha uzuri wa ibada, wakiamini kwamba jicho na pua na sikio pia ni njia za kumwelekeza mtu kwa Mungu. Kitabu cha Misa cha mwaka 1570 kilieneza utaratibu mmoja karibu kila mahali, na padre aliyeadhimisha Misa kisiwani Mombasa alivaa mavazi yaleyale aliyovaa mwenzake wa Roma: alba, ambayo ni kanzu ndefu nyeupe ya kitani, stola, ukanda wa kitambaa unaovaliwa shingoni kuwa alama ya daraja, na juu ya yote kasula, joho lisilo na mikono ambalo rangi yake hubadilika kwa kalenda, nyeupe kwa sikukuu za Kristo na Bikira Maria, nyekundu kwa mashahidi wa imani na kwa Roho Mtakatifu, zambarau kwa toba na Kwaresima, kijani kwa siku za kawaida. Shemasi alivaa dalmatika, vazi lenye mikono mipana, na kwa maandamano padre alijitanda kapa, joho refu linalofungwa kifuani kwa kifungo ambacho mara nyingi kilikuwa cha fedha. Kwenye altare palikuwa na kalisi, kikombe cha divai ya Ekaristi ambacho ndani yake hupakwa dhahabu, na kwa sikukuu kuu ilitolewa monstransi, chombo chenye miali kama jua ambamo mkate uliowekwa wakfu huonyeshwa kwa watu.

Vitu hivi vyote vilitokana na bahari ileile ambayo Waswahili waliisafiri kwa karne nyingi. Hariri ilitoka China kwa njia ya Macau na kushonwa na kutariziwa Goa. Ubani uliofukizwa katika chetezo cha fedha ulitoka Dhofar na pwani ya Wasomali, palepale ulipotoka ubani wa majumbani mwa Mombasa. Nta ya mishumaa ilipatikana bara ya Afrika. Ajabu zaidi ni pembe za ndovu, ambazo zilibebwa na wachukuzi kutoka bara hadi bandari za pwani, zikapitishwa forodhani, zikafika Goa, na huko mafundi Wahindi wakazichonga kuwa sanamu za Yesu msalabani, za Bikira Maria na za Mchungaji Mwema, ambazo leo ni hazina za majumba ya makumbusho ya Ulaya. Sehemu ya uzuri wa kanisa la Wareno ilikuwa mali ya Afrika Mashariki iliyobadilishwa sura ng'ambo, na waliowinda na kubeba pembe hizo hawakupata nafasi mbele ya altare waliyoipamba.

Mgawanyo wa mapato ya forodha ndio uliozua mgogoro mkubwa kuliko yote. Baada ya Mombasa kushindwa, Wareno walimhamisha rafiki yao wa zamani, mfalme wa Malindi, wakamfanya mtawala wa kisiwa, na kwa mapatano alistahili theluthi moja ya ushuru. Makamanda wa ngome, ambao kwa desturi ya dola hiyo walishika nafasi zao kwa miaka mitatu na kuziona kama fursa ya kujitajirisha, hawakuvumilia kugawana. Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo huo, aligombana nao, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko na Wamusungulo, watu wa bara, ambao habari za wakati huo zasema walilipwa na Wareno kwa vitambaa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka saba hivi, alichukuliwa akapelekwa Goa.

Huko alilelewa na Waaugustino katika nyumba yao ya Nossa Senhora da Graça, jengo kubwa kupita kiasi lililokuwa limekamilika miaka michache tu kabla, ambalo mnara wake, urefu wa mita 46, bado nusu yake imesimama katika magofu ya Goa ya Kale. Ni vigumu kwa msomaji wa leo kukisia kijana wa Mvita alivyoiona ibada ya humo, na hakuna haja ya kukisia, kwa kuwa matokeo yake yanajulikana: alibatizwa kwa jina la Jerónimo, akatumika katika majeshi ya majini ya Wareno, akamwoa mwanamke Mkristo aliyeitwa Isabel, na mwaka 1626 akavikwa taji kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Alipewa pia ushujaa wa Shirika la Kristo, chama cha kijeshi na kidini kilichoanzishwa Ureno mwaka 1319 baada ya kuvunjwa kwa Watempla, ambacho alama yake ni msalaba mwekundu. Mwaka 1627 alimwandikia Papa Urbano wa Nane barua ya utii. Kwa viongozi wa Goa hapakuwa na sherehe ya kuwatia moyo kuliko hii: mwana wa mfalme Mwislamu, aliyelelewa na watawa, amesimama mbele ya altare na taji kichwani na msalaba kifuani.

Aliporudi kisiwani alikuta kwamba taji la Goa halikumpa chochote alichonyimwa baba yake. Waswahili wengi walimwona mfalme aliyevaa dini ya wageni, na Wareno, ambao kwa sheria za kanisa lao wenyewe walipaswa kumheshimu kama ndugu katika imani na shujaa wa shirika la kifalme, walimtendea kama mtumishi. Kamanda Pedro Leitão de Gamboa alimdhalilisha mara kwa mara. Habari za Kireno zinasimulia kwamba mtu mmoja alimwona akiomba dua kwa taratibu za Kiislamu penye kaburi la baba yake, na kwamba kamanda alikusudia kumpeleka Goa, ambako Mahakama ya Uchunguzi wa Imani, chombo cha kanisa na dola cha kuwahukumu waliodhaniwa kuiacha imani, ilikuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1560. Aliyejua Goa kama alivyoijua yeye hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake wapatao mia tatu, katika hali ya kumzuru kamanda, akamchoma kwa jambia. Mke na binti wa kamanda waliuawa pamoja na padre. Wareno wa mjini walikimbilia kwa Waaugustino na kujifungia humo kwa siku kadhaa, kisha wakatoka na kuuawa, wanaume, wanawake na watoto, na pamoja nao Wakristo Waafrika waliokataa kuiacha dini yao waliyobatizwa. Baadaye mashahidi waliosalia walihojiwa Goa chini ya kiapo, kanisa likitaka kujua kama waliokufa wangeweza kutangazwa wenye heri, na ushahidi huo ndio chanzo kikubwa cha yanayojulikana leo. Hapana uhalali wa kuua watoto, na historia iliyo ya haki haiwezi kuufunika unyama huo kwa kisingizio cha dhuluma iliyoutangulia. Lakini pia haiwezi kuwasahau Waafrika waliokufa siku hizo, ambao hawakuwa na mshahara wa mfalme wala fungu la ushuru, na ambao imani yao, tofauti na ya wengi waliokuwa ngomeni, haikuwaletea faida yoyote ya dunia.

Yusuf alirudi katika Uislamu na jina lake la kwanza. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa mapema mwaka 1632 kilishindwa kumtoa, naye mwezi Mei mwaka huohuo aliibomoa ngome kwa kadiri alivyoweza, akaondoka kwa meli, akaishi miaka iliyobaki akiwavizia Wareno baharini mpaka alipofariki kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1638. Wareno waliokirudia kisiwa walikuta magofu, wakajenga upya, na juu ya lango kamanda Francisco de Seixas de Cabreira akaweka maandishi ya kuzisifu kazi zake. Michoro ya ukutani ya enzi hizo, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu na mtu asiyejulikana, iligunduliwa katika uchimbuaji wa karne ya 20. Ndani yake mna meli nyingi, watu, na kanisa, na kwa kuwa hariri zimeoza na fedha zimeyeyushwa, michoro hii ya mkono usio na ufundi mkubwa ni miongoni mwa mabaki machache ya namna Wareno wa Mombasa walivyouona ulimwengu wao.

Kanisa lilirudi pamoja nao, lakini hazina ya Goa ilikuwa ikikauka, Waomani walikwisha kuichukua Maskati mwaka 1650, na mwezi Machi 1696 wakaizingira Ngome ya Yesu. Ndani ya kuta walikuwamo Wareno wachache pamoja na Waswahili wengi waliokuwa upande wao, na tauni iliwaua zaidi kuliko risasi. Kwa muda ulinzi uliongozwa na mwana wa mfalme wa Faza, Bwana Daud, Mwislamu aliyeitetea ngome yenye jina la Yesu. Meli ya msaada iliyoitwa kwa jina la mtakatifu, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 chini ya ngome, na vitu vilivyotolewa humo na wapiga mbizi kati ya mwaka 1977 na 1980 vimo katika jumba la makumbusho. Tarehe 13 Desemba 1698 ngome ikaanguka. Wareno waliishika tena kwa muda mfupi kati ya mwaka 1728 na 1729, wakafukuzwa, na Misa haikuacha jumuiya ya wenyeji wa kuiendeleza.

Ukristo uliorudi katika karne ya 19 ulikuja bila ya zari. Johann Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844 kwa niaba ya shirika la kimisionari la Waanglikana liitwalo CMS, alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, kisha akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Mwaka 1875 ukaanzishwa mji wa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Watu wa CMS walikuwa wa mrengo wa kiinjili, uliosisitiza mahubiri na Biblia na kuitilia shaka fahari ya altare. Padre wao alivaa kanzu nyeupe pana na skafu nyeusi, akatosheka. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi huko William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kulelewa Bara Hindi, na sherehe hiyo ndogo ilikuwa na uzito kuliko maandamano mengi ya Gavana, kwa sababu safari hii Mwafrika hakusimama kando ya altare kutazama.

Zanzibar mambo yalikuwa tofauti, maana shirika la UMCA, nalo la Kianglikana, lilipenda kasula, ubani na sanamu. Suala hilo halikuwa dogo: Uingereza ilikuwa imetunga mwaka 1874 sheria ya kudhibiti namna za ibada, na mwaka 1877 padre Arthur Tooth alifungwa jela kwa kutotii mahakama katika kesi ya taratibu hizo. Mivutano hiyo ilifika Afrika Mashariki mwaka 1913, pale Askofu William Peel wa Mombasa alipoongoza Ekaristi katika kanisa la Wapresbiteri huko Kikuyu na kuwashirikisha Waprotestanti wa madhehebu mengine, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar akamshtaki yeye na mwenzake wa Uganda kwa uzushi mbele ya askofu mkuu wa Canterbury. Hoja ilikuwa mamlaka ya uaskofu na sakramenti, lakini nyuma yake palikuwa na mitazamo miwili juu ya ibada, mmoja wa kuvua na mwingine wa kuvaa. Peel alikuwa na kanisa kuu jipya, lililofunguliwa mwaka 1905 kwa kumbukumbu ya Hannington na wenziwe, nalo lilichorwa na John Sinclair kwa kuba na matao ya mtindo wa majengo ya Kiarabu, hata mgeni huweza kulidhania msikiti.

Wakatoliki walirudi kwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na kati ya mwaka 1918 na 1923 likajengwa Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, lenye minara miwili na matao ya mviringo, kwa ramani ya Bruda Gustave Walter. Katika mabenchi yake walikaa kwa wingi Wagoa, makarani, wapishi na mafundi cherehani waliokuja na reli na biashara ya Waingereza. Kwa njia hiyo Goa ilirudi kisiwani, safari hii kwa miguu ya waumini wenye kipato cha kawaida, waliozipamba sikukuu zao kwa sadaka zao wenyewe. Hapo ndipo hesabu ya zamani ilipoanza kugeuka.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, uliagiza kwamba katika mavazi na mapambo utafutwe uzuri wenye heshima na si ubadhirifu, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alilitoa taji lake lenye ngazi tatu kwa ajili ya maskini. Kiswahili kikashika nafasi ya Kilatini, kayamba na ngoma vikaingia kanisani, na kasula zikaanza kushonwa kwa vitenge. Mombasa, iliyofanywa jimbo mwaka 1955, ikawa jimbo kuu mwaka 1990 chini ya Askofu Mkuu John Njenga, na tangu hapo mkuu wake ana haki ya kuvaa palio, ukanda mwembamba wa sufu wenye misalaba ambao papa humpa askofu mkuu wa jimbo kama hilo. Sikukuu kubwa bado zina ubani, maandamano na mavazi yanayong'aa, na wapo waumini wanaolalamika kwamba fedha hizo zingefaa karo za yatima, kama wapo wanaosema kwamba Mungu hastahili kupewa kilichochakaa. Mabishano hayo hufanyika siku hizi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, vikundi vya majirani wanaosali pamoja nyumbani na kuchangia zaka na harambee za parokia, kwa kuwa wanaobishana ndio wanaolipa, na mara nyingi kabla ya baraka ya mwisho husomewa kiasi cha sadaka iliyokusanywa Jumapili iliyopita.